Nyumba, Shule na Kifungo: Mintarafu ya Wasifu wa Washairi katika Uhakiki

Kwa muda mrefu wasifu wa mshairi umewekwa katika dibaji ya diwani na kuachwa humo: mahali alipozaliwa, shule alizosoma, kazi aliyoifanya, basi. Hata hivyo, katika mjadala wa ushairi wa Kiswahili uliopamba moto miaka ya 1970, wasifu huohuo ulitolewa dibajini ukafanywa hoja. Ilisemwa, pengine waziwazi na pengine kwa mafumbo, kwamba mtu wa mwambao aliyelelewa katika Uislamu hushika vina na mizani kwa kuwa ni urithi wake, ilhali mtu wa bara aliyepitia seminari na chuo kikuu huviacha kwa kuwa hakuzaliwa navyo. Maelezo hayo ni mepesi kufundisha, na yamkini ndiyo sababu yamedumu madarasani. Ila yake ni kwamba maisha ya washairi wenyewe hayayakubali.

Ni kweli kwamba Euphrase Kezilahabi huonekana kuyathibitisha. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma seminarini, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1974 akatoa Kichomi, diwani iliyowachukiza wengi kwa kuacha vina. Lakini Mathias Mnyampala naye alikuwa mtu wa bara, Mgogo wa Dodoma na Mkristo, aliyeitumikia serikali katika kazi za utawala na mahakama. Wala hapakuwa na mtetezi wa mapokeo aliyemzidi kwa bidii. Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1954 kiliziweka sheria za kutunga mashairi katika maandishi, na Saadan Kandoro, wote wawili ni watu wa Kigoma, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika wala si wa Bahari ya Hindi. Kwa upande wa pili, Ebrahim Hussein, aliyetunga “Ngoma na Vailini” bila kufungwa na arudhi, ni mzaliwa wa pwani ya kusini ya Tanzania, tena Mwislamu.

Basi tofauti itafutwe wapi? Ingefaa kwanza kuuliza kila mshairi aliupokea ushairi kwa njia gani. Wengi wa bara waliupokea kwa kusoma. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliyafikisha mashairi kwa makarani na walimu waliokuwa mbali kabisa na Lamu na Mombasa, na kitabu cha Amri Abedi kikawapa kanuni za kuhesabu. Aliyeipata sanaa kwa maandishi huelekea kuishika kanuni kwa ukali kuliko aliyeisikia nyumbani, kwa kuwa hana sikio la ukoo la kumwambia lini kanuni hulegezwa. Huenda hilo, kuliko uhafidhina wa tabia, ndilo linaloeleza ukali wa baadhi ya wanamapokeo wa bara.

Abdilatif Abdalla ni mfano wa njia ya pili. Alizaliwa Mombasa mwaka 1946, akalelewa na mzee wa ukoo wake, Ahmad Basheikh, ambaye alikuwa mshairi. Na kaka yake, Ahmad Nassir, ndiye mwenye Malenga wa Mvita (1971). Mwaka 1968, akiwa mfanyakazi wa Baraza la Manispaa ya Mombasa, aliandika karatasi ya siasa iliyoitwa “Kenya: Twendapi?” Kwa ajili hiyo alifungwa tangu 1969 hadi 1972, na Sauti ya Dhiki (1973) ni tungo za kifungo hicho, zilizoandikwa kwa siri juu ya karatasi za msalani. Diwani hiyo ilipata Tuzo ya Kenyatta mwaka 1974. Vina vyake havitoki katika kitabu cha sheria. Ni usemi wa Kimvita, na hata mabishano ya ndugu wawili juu ya mnazi yamepangwa kama ambavyo watu wa mji ule wangejibizana.

Mtu angeweza kudai kwamba kifungo chenyewe ndicho kilichomshikisha vina, kwa kuwa shairi la vina huhifadhika moyoni pasipo na karatasi. Dai hili lina mvuto, lakini linavunjwa na Alamin Mazrui. Yeye pia ni mzaliwa wa Mombasa (1948), naye alitiwa kizuizini, mwaka 1982 hadi 1983, alipokuwa mhadhiri. Hata hivyo, katika Chembe cha Moyo (1988) shairi la vina na shairi huru hukaa pamoja. Tena huyu ni wa ukoo wa Mazrui, watawala wa Mombasa ambao Muyaka bin Haji aliwatetea kwa mashairi yake! Laiti nasaba ingekuwa ndiyo inayochagua umbo, basi asingalikuwapo mrithi halali wa arudhi kumshinda yeye. Lakini Mazrui ni mwanaisimu aliyesomea Stanford, na aliandika wakati ambapo mjadala wa umbo ulikwisha wapa washairi ruhusa ya kuchagua. Abdilatif alipoingia gerezani, Kichomi ilikuwa haijachapishwa.

Kwa hiyo mahali pa kuzaliwa, ambapo dibaji hupataja kwanza, ndipo penye manufaa haba kwa mhakiki. Yafaayo zaidi huachwa: nani aliyelisahihisha shairi la kwanza la mtunzi, alilisoma kwa sauti au kwa macho, lilitoka gazetini, redioni au barazani. Mambo haya hayamo katika hati za shule wala katika orodha za wachapishaji. Yamo vichwani mwa ndugu, jirani na wanafunzi wa washairi. Kandoro alifariki mwaka 2001, na Kezilahabi mwaka 2020. Abdilatif na Mazrui wameeleza mengi kwa vinywa vyao wenyewe, lakini wengi wa wale waliotunga kwa ajili ya magazeti ya miaka ya 1950 hawakuulizwa lolote, na tungo zao zingali katika kurasa za magazeti hayo, nyingine chini ya majina ya kupanga ambayo ni wazee wachache tu wawezao kuyafumbua.