Unauza fremu ya kaboni ya mtumba? Ikague kabla hujaipiga picha

Mfanyabiashara mwenzangu, ukiweka tangazo la baiskeli ya kaboni, swali la kwanza la mteja ni "ina kilo ngapi?" Hilo ni jepesi, unaweka kwenye mizani unamjibu. Swali gumu ni lile ambalo wengi hawaulizi: ilishawahi kuanguka? Hilo jiulize wewe mwenyewe kabla hujaposti. Uma wa mbele ukikatika mtu akiwa kwenye mteremko, hapo habari si ya kurudisha hela tena.

Kaboni haina tabia za chuma. Chuma na alumini vikigongwa, mara nyingi vinapinda au kubonyea, unaona kwa macho. Kaboni ni nyuzi nyembamba zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na gundi ngumu. Ikipigwa vibaya, tabaka zinaweza kuachana kwa ndani huku rangi ya nje inang'aa kama mpya.

KAGUA HIVI

1. Osha kwanza. Maji, sabuni laini, kitambaa. Ufa unajificha chini ya tope.

2. Mulika na tochi ya simu kwa pembeni, taratibu. Angalia sana pale usukani unapoingia kwenye fremu, eneo la pedeli, pale nguzo ya kiti inapobanwa, na upande wa cheni. Pitisha ukucha. Ukinasa, au mstari ukizunguka bomba, usiuite "mchubuko wa rangi".

3. Pitisha kitambaa cha pamba. Kikinasa, huenda nyuzi zimekatika.

4. Gonga kwa sarafu, polepole. Mlio mkavu ukigeuka butu ghafla, tia shaka. Linganisha kulia na kushoto, kwa sababu unene wa fremu haulingani kila mahali.

5. Chomoa nguzo ya kiti na uma wa mbele. Shingo ya uma imefichwa ndani ya fremu, na wauzaji wengi hawaifikii.

Sarafu na tochi vinakuonyesha pa kutilia shaka tu, havitoi cheti cha uzima. Ukiwa na shaka, peleka kwa fundi anayeijua kaboni au usiuze kabisa.

UNAPOISHIKA

Usikaze nati kwa hisia za mkono. Vifaa vingi vimeandikwa kipimo, mfano 5 Nm. Tumia spana ya torki na ufuate kilichoandikwa kwenye kifaa chenyewe. Nguzo ya kiti ya kaboni usiipake grisi ya kawaida, itateleza, nawe utaishia kukaza kupita kiasi. Ina mafuta yake maalumu yenye chembe za kushika.

Ukiiweka kwenye stendi ya fundi, bana nguzo ya kiti, usibane bomba la fremu. Bomba ni jembamba, linaweza kupasuka ukiwa unasafisha tu.

Fremu iliyovunjika usiisage wala kuikata bila barakoa na glavu. Vumbi lake si zuri kwa mapafu, na vijiti vyake vinachoma ngozi.

KUFUNGA MZIGO

Mzigo mzima unaweza kuvunjikia njiani. Zungushia kila bomba sponji, toa usukani na pedeli, na weka kipande cha mbao au plastiki kati ya mikono ya uma na ya nyuma ili isibanwe. Kamba isikazwe juu ya bomba. Na piga picha kila upande kabla ya kufunga boksi. Mteja akilalamika, mna pa kuanzia.

KWENYE TANGAZO

Andika ukweli: "Ni ya mtumba, historia yake siijui, nimekagua hapa na hapa, picha hizi." Weka na picha ya mkwaruzo, usiikate. Kuna atakayeondoka, sawa. Atakayebaki anajua anachonunua, na hakusumbui usiku.

Ukikuta ufa, faida ya fremu hiyo imeisha. Usiifunike kwa stika. Toa vifaa vizima uviuze kimoja kimoja, kisha fremu yenyewe ikate vipande isije ikaokotwa na kurudi sokoni.

Hifadhi posti hii, na mtumie mwenzako anayeuza baiskeli.