Nyumba Hii Haiuzwi

Katika miji mingi ya Tanzania, Korogwe na Handeni zikiwamo, mpita njia hukutana na maneno yaliyopigwa rangi ukutani kwa herufi zinazosomeka toka barabarani: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni huweza kushangaa, kwani nani alisema inauzwa? Wenyeji hawashangai. Nyuma ya maneno hayo mara nyingi kuna ugomvi wa mirathi, au mke ambaye mumewe ameanza kuongea na madalali kwa siri, au mwenye nyumba anayeishi mbali aliyesikia kuna mtu anazungusha wateja kwenye mali yake.

Onyo hilo linamhusu kila anayetafuta makazi katika wilaya hizi mbili za mkoa wa Tanga. Hasara kubwa za wanunuzi wa huku hazitokani na ukuta uliopasuka wala bati lililotoboka, maana ufa huzibwa na bati hubadilishwa. Kinachomfilisi mtu ni ardhi iliyo chini ya nyumba: ni ya nani, ilipatikanaje, na nani alipaswa kuulizwa kabla haijauzwa.

Korogwe ni mji wa reli na mkonge. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902 kabla ya kuendelea hadi Moshi, na mashamba ya mkonge, zao lililoletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, yakauzunguka mji. Historia hiyo bado inapanga bei za viwanja. Huku unapita Mto Pangani, kule yapo mashamba makubwa yenye hati za muda mrefu, na katikati inapita barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Ardhi ya kujenga iliyo huru kweli ni haba kuliko macho yanavyodhani.

Hapo ndipo mnunuzi anapotegwa. Familia inaweza kuwa imeishi ndani ya shamba la mkonge tangu enzi za babu aliyekuwa mkata mkonge, imepanda minazi, imezika wazee wake pale, na kwa moyo mweupe inajiona mwenyeji wa eneo. Lakini hati ya shamba ina jina la kampuni. Serikali imekuwa ikifuta hati za baadhi ya mashamba yaliyotelekezwa mkoani Tanga na kuyagawa upya, na tetesi za mgawo huo huwafanya watu wauziane vipande kabla karatasi yoyote haijabadilika. Anayenunua wakati huo ananunua matumaini ya muuzaji.

Handeni, kilomita 65 kwa barabara ya lami kutoka Korogwe, ina jambo lake, nalo ni maji. Kwa miongo mingi mji huu umetegemea mradi unaojulikana kwa kifupi kama HTM, uliojengwa miaka ya 1970 kuvuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe na kuyapandisha hadi Handeni. Mitambo ilichakaa, watu wakaongezeka, na ndoo ya maji ikawa sehemu ya hesabu ya kila nyumba. Ndiyo maana mpangaji wa Handeni huuliza habari za maji kabla ya kuuliza idadi ya vyumba, na nyumba yenye mifereji ya kuvunia maji ya mvua na tangi kubwa chini ya ardhi hupata mteja haraka kuliko nyumba nzuri zaidi isiyo nayo. Mwaka 2022 serikali ilisaini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo kutoka India, na Handeni na Korogwe zimo. Dalali yeyote mwenye akili ameshauweka mradi huo kwenye maneno yake ya mauzo. Mnunuzi naye aende kwa majirani aulize maji hutoka siku ngapi kwa wiki, tena aulize mwezi wa kiangazi.

Wengi katika wilaya hizi hawanunui nyumba iliyokamilika. Hununua kiwanja, kisha hupandisha msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, na kupaua mavuno yakikubali. Wengine hununua boma, yaani kuta zilizosimama bila paa, kutoka kwa mtu aliyekwama njiani. Mikopo ya nyumba ya benki ipo nchini, na kampuni ya TMRC iliundwa mwaka 2010 ili kuzipa benki mitaji ya mikopo hiyo. Lakini riba zake huzunguka asilimia 13 hadi 19, na benki hutaka hati miliki kama dhamana. Muuza machungwa wa Mkata, Handeni, au fundi wa Manundu, Korogwe, hana mshahara wa kukatwa wala hati ya kuweka rehani. Shirika la Nyumba la Taifa lilijaribu kujenga nyumba za gharama nafuu wilayani, Mkata ikiwa miongoni mwa maeneo hayo, ila kwa watu wa kipato cha kawaida njia ya kujenga kidogo kidogo ndiyo iliyobaki wazi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni la karatasi. Kwa sheria za Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mtu humiliki haki ya kuitumia. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001, na zinatenganisha pande mbili ambazo mnunuzi hapaswi kuzichanganya. Mjini, kwenye viwanja vilivyopimwa, kuna hati miliki ya miaka 33, 66 au 99, na kabla yake huwa kuna barua ya toleo ambayo watu huiita ofa. Kijijini kuna hati ya hakimiliki ya kimila, isiyo na ukomo wa miaka kwa mwanakijiji na inayorithishwa. Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kufikiwa na MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha mali za wanyonge, kwa hiyo hati za kimila si jambo geni huko.

Wasiwasi unaanza pale kijiji kinapoguswa na mji. Handeni na Korogwe kila moja ina halmashauri yake ya mji, na maeneo yaliyokuwa mashamba ya kijiji juzi leo yana mwenyekiti wa mtaa. Karatasi ya kijiji iliyoandikwa zamani haiwi hati ya mjini kwa sababu tu nguzo za umeme zimefika. Mpima atakapokuja, barabara ya mchoro inaweza kupita kwenye sebule ya mtu, na kiwanja cha hatua 20 kwa 30 kikabaki nusu. Hizo hatua zenyewe ni za miguu, na miguu ya muuzaji mrefu na ya mnunuzi mfupi haitoi eneo moja. Mnunuzi wa kiwanja kisichopimwa ana haki ya kudai futi kamba, tena majirani wote wa mipaka wawepo na waweke sahihi. Jirani aliyekataa kuja siku hiyo huwa ana sababu, na sababu yake ni muhimu kuliko maelezo yote ya dalali.

Kuhusu ardhi ya kijiji, mahakama zimesema wazi. Tangu mwaka 1985 Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji bila kibali cha halmashauri ya kijiji hayana nguvu. Mhuri wa mwenyekiti peke yake, uliogongwa barazani kwake jioni, si kibali cha halmashauri. Kinachotakiwa ni kikao na muhtasari wake, wenye majina ya waliohudhuria. Na kama eneo lenyewe liligawiwa na kijiji, halmashauri haikuwa na uwezo wa kuligawa bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Kuna viongozi waliozoea kudai asilimia kumi ya bei ili washuhudie mauzo, kama vile nao ni wauzaji. Kiongozi anayelipwa kwa kila mauzo hana sababu ya kuzuia mauzo mabaya, na mnunuzi akumbuke hilo anaposikia mwenyekiti akimhakikishia kwamba eneo “halina mgogoro”.

Kwa kiwanja chenye hati, jibu haliko kwa mwenyekiti. Liko kwenye daftari la Msajili wa Hati, kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa jijini Tanga, ambako mtu yeyote akilipia upekuzi ataambiwa jina la mmiliki, kama kuna mkopo wa benki juu ya hati, na kama kuna zuio lililowekwa. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya nyumba, na inasikitisha kuona watu wakiiruka kwa kuogopa safari ya Tanga.

Ipo mipaka mingine isiyosomeka kwenye hati. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nyumba zilizofuatwa na hifadhi hiyo ilipopanuliwa huwekewa alama ya X ya kijani, wenyewe wakitarajia fidia. Zilizovamia hifadhi hupata X nyekundu, na hizo hubomolewa bila malipo. Rangi hufutika kwa chokaa. Mnunuzi wa fremu au nyumba kando ya barabara kuu ya Korogwe achukue futi kamba apime mwenyewe. Reli nayo ina hifadhi yake, mita 15 kila upande mjini na 30 vijijini, na tangu treni za Tanga na Moshi zirejee mwaka 2019 hifadhi hiyo si ya kufikirika tena. Mtoni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mabonde ya Korogwe hufurika mvua zikizidi, na kiwanja cha bondeni kinachouzwa mwezi Septemba kwa bei ya chini kinafaa kutembelewa tena mwezi Aprili.

Halafu kuna familia ya muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Sahihi ya mke au mume ipatikane mbele ya wakili, yeye mwenyewe akiwapo. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na mtoto mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Busara zaidi ni kuwaona warithi wote, hasa mabinti walioolewa mbali, ambao husahauliwa siku ya kugawana na kukumbukwa siku ya kesi.

Kodi nazo zina hesabu yake. Tuseme nyumba imeuzwa shilingi milioni 40. Ushuru wa stempu wa asilimia 1, ambao kwa mazoea hubebwa na mnunuzi, ni shilingi 400,000. Muuzaji anadaiwa kodi ya asilimia 10 ya faida yake, na asiye na kumbukumbu za gharama za ujenzi hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyothibitishwa, yaani shilingi 1,200,000 au zaidi. Watu hukwepa kwa kuandika bei ya uongo kwenye mkataba. Kama ziliandikwa milioni 15 na mauzo yakaja kubatilishwa, mnunuzi anadai kurudishiwa hizo 15 wakati alitoa 40. Kodi ya majengo ya nyumba ya kawaida, shilingi 18,000 kwa mwaka, hukatwa kwenye LUKU kwa shilingi 1,500 kila mwezi. Kodi ya pango la ardhi hulipwa kivyake, na malimbikizo yake hubaki na kiwanja hata mwenye kiwanja akibadilika.

Wapo waliopata nyumba wilayani Handeni bila kununua. Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikihamishia kijiji cha Msomera familia kutoka Ngorongoro, katika nyumba za vyumba vitatu zilizojengwa na JKT, pamoja na eneo la makazi na ekari tano za shamba kwa kila kaya. Serikali inasema wanahama kwa hiari. Human Rights Watch, katika ripoti ya mwaka 2024, ilisema ridhaa haikuwa kamili na kwamba wakazi wa zamani wa Msomera nao walipoteza ardhi waliyokuwa wakiitumia. Wilaya zote mbili pia zimepitiwa na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Waliopoteza nyumba kwenye njia ya bomba waliruhusiwa kuchagua kati ya fedha na nyumba mbadala, na hapa nchini zimejengwa zaidi ya nyumba 300. Katika kazi zote hizo mthamini aliuliza swali lile lile analopaswa kuuliza mnunuzi: nani anatambulika kwenye ardhi hii, na kwa ushahidi gani?

Ugomvi ukitokea, safari huanzia baraza la kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu. Hupatanisha tu, na lina siku 30. Upatanisho ukishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo Korogwe ina lake, kisha Mahakama Kuu jijini Tanga. Madai ya kurejeshewa ardhi yana ukomo wa miaka 12, na mnunuzi aliyekaa kimya akisubiri muuzaji amalizane na ndugu zake anaweza kujikuta muda umemwishia. Kwenye baraza ataulizwa mkataba uko wapi, muhtasari wa kikao uko wapi, na ni jirani yupi alisimama kwenye mpaka siku ya kupima.