Fahamu: Mwani wa Kale Katika Majabali

Mwani, usio na mfupa wala gamba, aghalabu huoza mara utupwapo pwani, na ndiyo maana visukuku vyake ni adimu. Walakini pale ulipofukiwa upesi na tope laini kabla haujaharibika, sura yake imehifadhika katika majabali dahari kwa dahari.

Mwaka 2020 wataalamu Qing Tang na Shuhai Xiao, wa Virginia Tech huko Marekani, walitangaza habari za mwani wa kijani, Proterocladus antiquus, uliopatikana katika miamba ya jimbo la Liaoning, Uchina, yenye umri wa miaka ipatayo milioni 1,000. Na ijapokuwa urefu wake ni kama milimita 2 tu, chini ya hadubini huonekana matawi yake na hata kitako ulichojishikizia chini ya bahari. Jamii ya mwani wa kijani ndiyo asili ya mimea yote ya nchi kavu.

Unaoutangulia kwa umri ni Bangiomorpha wa kisiwa cha Somerset, Kanada, unaokadiriwa kuwa na miaka milioni 1,047, ambao nyuzi zake zina seli zilizojipanga duara mithili ya vipande vya chungwa. Nicholas Butterfield, aliyeueleza mwaka 2000, aliona katika mbegu zake za namna mbalimbali ithibati ya uzazi wa jinsia mbili, jambo ambalo kwangu lashangaza kuliko umri wenyewe.

Bangiomorpha ni mwani mwekundu, kundi lile lile la mwani ulimwao leo Unguja na Pemba.