Mwana akijiunga na wanamaji, mama ajiandae vipi?

KUTOKA mjini Kakamega hadi Mtongwe, Mombasa, yaliko makao makuu ya Jeshi la Wanamaji la Kenya, ni safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Mama aliyelea mwanawe katika vijiji vya Shinyalu, Navakholo au Khwisero huenda hajawahi kuiona bahari. Maji anayoyafahamu ni ya mito kama Isiukhu, Yala na Nzoia. Siku mwanawe anapomweleza kwamba amepangiwa kuwa mwanamaji, furaha na hofu humjia kwa pamoja.

Furaha hiyo ina msingi, kwa kuwa kijana amepata kazi ya mshahara wakati ambapo wenzake wengi hawana. Hofu nayo haikosi sababu. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na bahari haishi zinge.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalitambui mapema ni kwamba mama mzazi hana nafasi kubwa katika taratibu za jeshi. Anayetambuliwa kwanza ni askari mwenyewe, kisha mwenzake wa ndoa na watoto wao. Wake wa wanajeshi wengi huishi pamoja kambini na hata wana chama chao, ilhali mama hubaki kijijini, ambako pengine hakuna jirani mwingine mwenye mtoto baharini. Kwa hivyo, msaada ulio muhimu zaidi kwa mama ni ule unaoandaliwa na yeye na mwanawe kabla ya safari, wakiwa wameketi sebuleni.

Hongo na barua bandia

Matatizo huanza hata kabla ya kijana kuvaa sare. Usajili wa makurutu wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) huendeshwa kwa pamoja kwa matawi yote matatu, yaani jeshi la nchi kavu, la wanahewa na la wanamaji. Huduma hiyo haitozwi hata senti moja. Pamoja na hayo, kila msimu wa usajili hujitokeza walaghai wanaodai kuwajua wakubwa jeshini.

Wazazi wameuza ng'ombe, wamekodisha mashamba ya miwa na hata kuchukua mikopo ili kuwalipa watu hao. Vijana kadhaa wamewahi kufika Eldoret, ambako makurutu hupokea mafunzo, wakiwa na barua za wito zilizoghushiwa. Badala ya kupokewa, walitiwa mbaroni.

Mama anapaswa kufahamu kwamba Sheria ya Hongo ya 2016 humwadhibu anayetoa sawa na anayepokea, na kifungo chaweza kufika miaka 10. Anayedai fedha ili kijana aingie jeshini anamwomba mama pesa zake na kumweka katika hatari ya kwenda jela kwa wakati mmoja.

Kimya si habari mbaya

Kijana akishachukuliwa, jaribio la kwanza ni kimya. Kurutu aliye Eldoret hawezi kupiga simu apendavyo. Siku na wiki zaweza kupita bila neno. Baada ya gwaride la kufuzu, ambalo jamaa hualikwa kulihudhuria, aliyepangiwa wanamaji huelekea Pwani kujifunza kazi za meli.

Huko kimya hubadilika sura. Meli ya doria ikishaondoka pwani hutoka upesi katika eneo la minara ya simu, na mabaharia hawaruhusiwi kusema waliko wala waendako. Hilo halitokani na ukaidi wa mtoto. Kifungu cha 24 cha Katiba ya 2010 chaeleza kwamba baadhi ya haki za wanajeshi, ikiwemo ya faragha, zaweza kuwekewa mipaka kwa sheria.

Ndiyo sababu mama hashauriwi kukipima kimya kwa siku. Ni vyema yeye na mwanawe wakubaliane mapema: kijana asiahidi kupiga simu kila Jumapili, bali aahidi kupiga kila atakapofika bandarini. Ahadi ya kwanza itavunjwa na bahari, na kila itakapovunjwa mama atakosa usingizi bure.

Kadhalika, mama afahamu kwamba si kila mwanamaji huwa vitani. Kazi za jeshi hilo, lililoundwa mwaka 1964, ni pamoja na kulinda maji ya nchi, kuokoa watu na kupiga mbizi. Mwaka 2019 wapiga mbizi wake walishiriki katika msako wa siku nyingi wa gari lililotumbukia katika kivuko cha Likoni. Wanamaji pia walishiriki katika kufufua bandari ya Kisumu, mji ulio karibu mno na Kakamega kuliko Mombasa.

Hata hivyo, hatari ipo na haifai kufichwa. Mnamo Septemba 28, 2012, kabla ya mapambazuko, wanajeshi wa Kenya walitua kutoka baharini katika ufuo wa Kismayo, Somalia. Januari 5, 2020, magaidi wa Al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, Lamu, eneo ambalo pia lina kambi ya wanamaji. Mama anayeambiwa kwamba hakuna hatari yoyote anadanganywa, na siku atakapogundua hatamwamini tena aliyemwambia.

Karatasi zinazopaswa kuwa nyumbani

Kabla kijana hajarudi kambini baada ya likizo yake ya kwanza, kuna mambo manne yanayofaa kuandikwa na kuhifadhiwa mahali pamoja. La kwanza ni majina yake kamili kama yalivyo jeshini, pamoja na nambari yake ya kijeshi. La pili ni kikosi chake na nambari ya simu ambayo kijana mwenyewe amethibitisha kwamba ni ya ofisi. La tatu ni jina la kasisi au imamu wa jeshi anayehudumu kambini, kwani viongozi hao wa dini aghalabu ndio daraja baina ya askari na jamaa yake. La nne ni jina alilolijaza kijana katika fomu kama jamaa wake wa karibu.

Karatasi hiyo humlinda mama pia dhidi ya matapeli. Mtu akimpigia usiku na kudai kwamba mwanawe amelazwa na zinahitajika pesa za haraka kwa M-Pesa, mama atauliza nambari ya kijeshi na kikosi, kisha akate simu na kuipiga nambari aliyonayo. Askari akiugua au kujeruhiwa kazini, jeshi halimwombi mama yake pesa za kumtibu.

Jina la jamaa wa karibu huzua ugomvi mwingi. Kijana akioa, ni kawaida kulibadilisha na kumwandika mkewe. Mama asione kwamba ametupwa. Isitoshe, jamaa wa karibu ni mtu wa kupewa habari. Hilo pekee halimfanyi kuwa mrithi.

Urithi husimamiwa na Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Chini ya sheria hiyo, mjane na watoto wa marehemu ndio wenye haki ya kwanza. Mzazi aliyekuwa akitunzwa na marehemu hadi kifo chake anaweza kuiomba mahakama imtengee sehemu, ila sharti afanye hivyo kabla hati ya usimamizi wa mali haijathibitishwa. Atahitajika kuonyesha kwamba kweli alikuwa akitunzwa. Rekodi za fedha alizotumiwa kila mwezi zaweza kumsaidia sana.

Njia iliyo bora ni wosia. Wosia wa maandishi huhitaji mashahidi wawili, na haifai mama anayetarajiwa kupewa kitu awe mmoja wao, kwa maana sheria itataka mashahidi wengine wawili huru ndipo zawadi yake ikubalike.

Sheria imemfikiria mwanajeshi kwa namna ya pekee. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili kwa kawaida hupoteza nguvu endapo aliyeutoa hakufariki katika muda wa miezi mitatu. Kwa mwanajeshi aliye katika operesheni, wosia huo husimama iwapo atafariki katika kipindi hicho hicho cha operesheni, hata miezi mitatu ikiwa imepita. Pamoja na hayo, wosia wa mdomo hauwezi kuupinga ulioandikwa.

Wazee wengi huona kuzungumzia wosia na kijana wa miaka 22 ni kumtakia mauti. Lakini mazungumzo hayo huchukua jioni moja, ilhali kesi za urithi huchukua miaka na kuwafanya mama na mkaza mwana wasizungumze kamwe.

Habari zikifika

Nyakati za mashambulizi, simu hujaa picha na majina yasiyo na chanzo. Utaratibu unaofuatwa na majeshi ni kuwaarifu jamaa kwanza kabla ya jina kutangazwa. Kwa hivyo, jina linalozagaa katika mitandao kabla maafisa hawajafika nyumbani lisichukuliwe kuwa kweli. Mama naye asiweke hadharani picha ya mwanawe akiwa na sare, jina la meli yake wala tarehe ya safari. Habari hizo humfaa adui kuliko zinavyomfaa jirani.

Aliyepotea baharini huleta uchungu wa aina yake, kwa kuwa hakuna kaburi. Sheria ya Ushahidi huruhusu mtu kuchukuliwa kuwa amefariki baada ya miaka saba bila kusikika na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake.

Magharibi mwa Kenya si wageni wa uchungu huo. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, 1914-1918, vijana wengi wa eneo hilo walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza. Wengi walikufa kwa maradhi, na mama zao hawakuelezwa walikozikwa. Kinyume na wakati huo, mama wa leo anaweza kuwa na nambari, ofisi na sheria za kuulizia. Kinachotakiwa ni azijue mapema.

Anaporudi nyumbani

Si kila jeraha huonekana. Mwana anaweza kurudi likizoni akiwa halali usiku, akishtuka kwa kelele ndogo, akinywa pombe kupita kiasi au akikwepa watu. Kumuuliza mfululizo alichokiona hakumsaidii, wala kumwambia kwamba mwanamume halii. Ni heri apewe chakula, kazi nyepesi ya shambani na muda. Hali ikiendelea, ashauriwe kumwona daktari wa kambi au kasisi wake, na akisema maneno ya kutaka kujiua apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Mama pia ni mtu wa kutunzwa. Asiyelala kwa wiki nyingi, anayekonda au anayelia bila kujua sababu, afike katika hospitali ya serikali iliyo karibu aeleze hali yake.

Kakamega tayari kuna vyama vya akina mama, vikundi vya kanisa na vya mazishi. Katika makanisa ya Marafiki, ambao waliingia Kaimosi mwaka 1902 na ambao imani yao hukataa vita, mama wa askari anaweza kuona haya kusema mwanawe yuko wapi. Asiachwe peke yake. Nchini Marekani, akina mama wa wanajeshi walianzisha chama chao, Blue Star Mothers, mwaka 1942. Hawakuwa na amri jeshini, ila walikuwa na wenzao wa kuketi nao.

Akina mama watano wa wadi moja wenye watoto jeshini wanaweza kukutana mara moja kwa mwezi bila kibali cha kambi yoyote. Wanaweza kukumbushana kuhusu karatasi, kuulizana kuhusu simu za matapeli, na mmoja wao akipokea wageni wenye sare asiwapokee akiwa pekee.