Amelala au Anazimika? Istilahi na Utambuzi wa Madhara ya Dawa za Afyuni

Utangulizi

Mkokoni ni kijiji cha Wabajuni kilichoko mwambao wa bara, mkabala wa kisiwa cha Kiwayu, katika kaunti ya Lamu. Mgonjwa anayezidiwa huko usiku hufika Hospitali ya King Fahd mjini Lamu kwa kutegemea boti na hali ya bahari. Hivyo basi, kabla ya daktari, uhai wake huwa mikononi mwa watu wa nyumbani na katika maneno wanayoyatumia kueleza wanachokiona. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba baadhi ya maneno hayo huficha hatari.

Tuchukulie mfano wa bibi aliyevunjika nyonga, akarudishwa nyumbani na vidonge vya mofini au tramadoli. Usiku maumivu yanamzidi, anaongezewa vidonge viwili juu ya alivyoandikiwa. Baadaye anaanza kukoroma. Wajukuu wananong'onezana: “Mwacheni bibi apumzike, leo kapata usingizi.” Katika Kiswahili cha kila siku, kukoroma ni ushahidi wa usingizi mnono. Kwa aliyezidisha dawa hizi, huenda ikawa ni sauti ya koo linalozibika.

Istilahi tatu

Mofini, kodeini na tramadoli ni dawa za jamii ya afyuni, jamii moja na heroini. Hutuliza maumivu, lakini pia hudhoofisha uwezo wa ubongo wa kuendesha pumzi. Ni muhimu kutofautisha istilahi tatu.

Kwanza, kuzidisha dozi ni tukio la dharura: dawa imeuzidi mwili. Hatari huongezeka mtu anapochanganya na pombe au dawa za usingizi kama diazepamu. Aidha, aliyeacha dawa kwa siku kadhaa akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa, kwani mwili umekwisha kupoteza ustahimilivu.

Pili, utegemezi wa mwili hutokea hata kwa mgonjwa anayefuata maagizo. Dawa ikikatizwa ghafla, yeye hupiga miayo, hutokwa na kamasi na jasho, husisimkwa, huumwa viungo, huharisha na kukosa usingizi. Vijana wa pwani huiita hali hii arosto, neno la mtaani linalotaja waziwazi jambo ambalo lugha sanifu hulieleza kwa sentensi nzima. Tiba ni kupunguza dozi polepole kwa uangalizi wa daktari.

Tatu, uraibu ni kushindwa kujizuia: vidonge huisha kabla ya wakati, hufichwa, hutafutwa kwa madaktari mbalimbali, na shughuli nyingine hupuuzwa ingawa madhara yanaonekana. Neno uraibu lenyewe lilizoeleka kwa tambuu na tumbaku, na bado lina wepesi wa mazungumzo ya barazani. Kwa upande mwingine, neno teja humlenga kijana wa maskani. Kwa kuwa hakuna anayethubutu kumwita bibi teja, hakuna anayefikiri kwamba naye anahitaji msaada.

Dalili na hatua

Shirika la Afya Duniani (WHO) hutaja dalili kuu tatu za kuzidisha dozi: mboni za macho kusinyaa mithili ya ncha ya sindano, kupoteza fahamu, na pumzi kuwa hafifu au za kusitasita. Midomo na kucha huweza kugeuka rangi ya samawati au kijivu.

Mwite jina kwa sauti, mtikise, mfinye. Asipoitika, itisheni msaada na chombo mara moja. Anayepumua alazwe ubavu. Asiyepumua apuliziwe pumzi mdomoni na anayejua kufanya hivyo. Asimwagiwe maji, asinyweshwe maziwa, wala asiachwe peke yake. Naloksoni ikipatikana hurejesha pumzi, lakini nguvu zake huweza kwisha kabla ya nguvu za dawa iliyozidishwa. Hivyo ni lazima apelekwe hospitalini.

Hitimisho

Makala haya hayapingi dawa hizi. Mnamo mwaka 2004, Uganda iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa mofini, kwa kuwa kumwacha mtu afe kwa maumivu nako ni madhara. Waliokwisha kunaswa na uraibu nao wana tiba: huduma ya methadoni ilianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na nchini Kenya mwishoni mwa mwaka 2014.

Kwetu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kazi iliyobaki ni ya lugha. Maelezo ya pakiti za dawa hizi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, na onyo lisilosomeka si onyo. Tukiweza kuyaandika kwa Kiswahili kinachoeleweka Mkokoni, huenda mjukuu mmoja, akisikia mkoromo usiku, asiseme “amelala” kabla ya kumwita bibi yake na kusubiri aitike.