Komeza, Kaza, Imarisha

Katika nyanda za juu za Kigoma, huko Kibondo na Kasulu, Muha ajifunzaye Kiswahili huja na kitenzi kimoja kipana. Kiha, kama Kirundi kilicho jirani yake, kina -komera, yaani kuwa na nguvu, na hapo hutoka -komeza, kukipa kitu nguvu. Kiswahili chaigawa kazi hiyo, na mgawanyo wafuata udhaifu unaoondolewa. Hukazwa kilicholegea: kamba, mshipi, hata mwendo. Huimarishwa kiwezacho kuanguka, kama boma, ndoa au chama. Nacho kitenzi hiki ni kiambishi cha Kibantu juu ya imara, neno lenye asili ya Kiarabu. Huthibitishwa lenye shaka. Ndiyo maana habari huthibitishwa, lakini ukuta, katika matumizi ya leo, hauthibitishwi. Mgonjwa aliyedhoofika hutiwa nguvu.

Hatari kubwa imo katika sauti. Komesha ya Kiswahili yatokana na koma, na maana yake ni kufikisha mwisho. Mwalimu wa Kasulu asiyelitahadharisha darasa lake asistaajabu akikuta katika insha kwamba wananchi waombwa “kukomesha umoja”.