Shangazi hakula maandazi, ini ndilo lilipika!

Hivi ushawahi kuona mtu analala njaa halafu anaamka sukari imepanda? Basi kwetu kumezuka zogo kwa sababu hiyohiyo. Shangazi yangu ana kisukari, kile cha ukubwani wanachokiita aina ya pili. Juzi jioni alipimwa 8, akalala na mchicha tu. Alfajiri, kimashine kikasoma 11! Binti zake wakamvaa: "Mama, sema kweli, usiku uliamka ukala maandazi." Mama wa watu kaapa mpaka machozi yakamtoka. Kibaya zaidi akasusa: kama njaa yenyewe haisaidii, vidonge vya nini?

Nikaona hii lazima niifuatilie.

Wengi tunadhani sukari inaingia mwilini kwa mdomo tu. Wapi! Ini nalo ni kiwanda. Ubongo peke yake unatumia kama gramu 120 za sukari kwa siku, na hausubiri chai ya asubuhi. Kwa hiyo ukilala, ini linafungua ghala la akiba, na lingine linajipikia lenyewe kutokana na protini na masalio ya mafuta. Kwa asiye na kisukari, insulini kutoka kwenye kongosho inaliambia ini, "Inatosha, punguza." Kwa shangazi, ini limekuwa sugu. Linaambiwa, halisikii, linamwaga sukari usiku kucha. Karibu na alfajiri, homoni za kumwamsha mtu nazo zinalichochea. Ndiyo hiyo 11 bwana, maandazi yamesingiziwa.

Sasa vile vidonge alivyovisusa ni metformini. Mtaani wanaamini vinayeyusha wali uliokula, kwa hiyo siku hujala unaviruka. Thubutu! Kazi yake kubwa iko hukohuko kwenye ini. Dawa inaingia ndani ya seli na kupunguza kasi ya mitokondria, yaani vinu vya nguvu vya seli. Kupika sukari mpya kunakula nguvu nyingi. Umeme ukipungua, kiwanda kinapunguza kazi. Wataalamu wenyewe bado wanabishana. Mwaka 2001 wengine walisema siri ni kimeng'enya kinachoitwa AMPK. Mwaka 2010 wenzao wakatumia panya ambao maini yao hayana kimeng'enya hicho, na dawa ikafanya kazi vilevile. Patashika!

Raha yake ni kwamba hailazimishi kongosho kumwaga insulini, hivyo ikitumika peke yake ni nadra sukari kushuka mpaka mtu akaanguka.

Daktari Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyeandika mwaka 1957 kuhusu kuwapa wagonjwa wa kisukari dawa hii. Ikaitwa Glucophage, maana yake mla sukari. Jina tamu, lakini kwa maoni yangu ndilo linalopoteza watu: hailambi sukari, inafunga bomba. Marekani nao walijivuta mpaka 1994 ndipo wakaikubali.

Tumbo? Ndiyo, mwanzoni inavuruga, wengine wanaharisha au kusikia ladha ya chuma mdomoni. Ndiyo maana unaambiwa umeze pamoja na chakula na kipimo kinapandishwa taratibu. Inatoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo usishangae daktari akitaka kupima figo kwanza. Na nyie wa bia za kreti zima wikiendi, mwambieni ukweli: pombe nyingi na dawa hii zinaweza kujaza damu asidi ya laktiki, na hiyo inaua.